FUNDI WA STANDI: NAMNA YA KUMUCHAGUA NA KUFANYA NAYE MUKATABA



Tunapopita katika vijiji, makooperative mengi yanatuuliza juu ya maonyesho ya biashara, yale tunayozoea kuita foire. Wengine wanataka kupeleka kawa yao Saveur du Kivu. Wengine wanafikiria FIKIN kule Kinshasa, ao Expo ya Gikondo kule Kigali. Ulizo linalorudia ni moja: tumupe nani kazi ya kujenga na kuangalia standi yetu?

Ni ulizo la maana, juu feza inayotoka ni ya memba wote. Someni somo hili pamoja katika mukutano, kisha mujibu maulizo yaliyo mwisho.

JAMBO TULILOONA

Tulienda mara moja kwenye maonyesho fulani. Kooperative moja ya kawa ilikuwa imelipa fundi mbele, feza yote, bila karatasi. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, wageni walikuwa wamekwisha kuingia, na fundi alikuwa angali anapiga misumari. Standi ilipokwisha, ilikuwa nzuri kweli: rangi, banderoli, picha kubwa za mashamba. Lakini prezida na kesiye walikuwa wametumwa kutafuta waya wa umeme katika muji, na ndani ya standi alibaki kijana wa fundi peke yake.

Akapita mununuzi. Akauliza: “Mashamba yenu yako metre ngapi juu? Munasafisha kawa kwenye kituo gani? Mutakuwa na magunia ngapi?” Kijana akajibu: “Sijui, baba. Ungojee bosi.” Yule mununuzi hakungojea. Akaenda standi ya pili.

Hatumulaumu kijana. Alikuja kupigilia mbao, hakukuja kuuza kawa. Kosa lilifanyika mbele, siku ile kooperative ilimupa fundi kazi bila kupatana kazi ya fundi inaishia wapi na kazi ya memba inaanzia wapi. Hilo ndilo somo letu la leo: fundi anajenga na kutunza fasi, memba ndiye anauza. Mukishika neno hilo, mengine yote yatafuata.

1. KWANZA, MUJUE KAMA MUNAHITAJI FUNDI

Mbele ya kutafuta fundi, muulize wenye maonyesho wanatoa nini. Mara nyingi kuko namna mbili. Ya kwanza ni standi tayari: kuta nyepesi, meza, viti viwili, taa, na jina lenu juu. Ya pili ni fasi tupu: wanawapimia udongo, mara nyingi metre 3 kwa metre 3, na ninyi munajenga wenyewe.

Kama munapata standi tayari kwa bei ya haki, pengine fundi wa nini? Munahitaji tu banderoli moja, kitambaa safi cha meza, na sampuli zilizopangwa vizuri. Kooperative haina sababu ya haya kwa kukaa katika standi ndogo. Mununuzi wa kawa ao kakao anaangalia punje, haangalii kuta.

Muombe vilevile karatasi ya sheria za maonyesho. Muangalie humo: saa ya kuanza na kumaliza kujenga, urefu wa kuta unaoruhusiwa, kama misumari na moto vinakatazwa, nani anatoa kurante, na siku gani fasi inapaswa kubaki wazi. Mumupe fundi kopi ya karatasi hiyo mbele hajapanga bei. Kama hamukumupa, atasema kesho: “Mimi sikuambiwa.” Na atakuwa na haki.

2. MUANDIKE KAZI MBELE YA KUULIZA BEI

Kosa la kawaida ni kuita mafundi watatu na kumuuliza kila mumoja: “Standi ni bei gani?” Kila fundi anafikiria standi yake. Mumoja anahesabu mbao tu, mwengine anahesabu mbao na usafiri. Mutalinganisha namna gani? Ni kama kulinganisha bei ya gunia la kawa na bei ya beseni la kawa.

Mukae kwanza komite pamoja na memba wawili watatu, muandike karatasi moja ya kazi. Mafundi wote wapate karatasi ileile. Iandikwe hivi:

– Ukubwa wa fasi na kuta ngapi.
– Meza ngapi, za urefu gani, na fasi ya kufungia mizigo usiku.
– Maneno na picha za banderoli, na nani anazitoa.
– Kurante: vyombo gani vitatumika.
– Maji na usafi wa kila siku.
– Usafiri wa mbao, kuenda na kurudi.
– Mulinzi wa usiku.
– Kubomoa na kusafisha fasi kisha maonyesho.
– Siku na saa ambayo standi inapaswa kuwa imekwisha. Muchague mangaribi ya siku moja mbele ya ufunguzi, si asubuhi ya ufunguzi.

Kwa habari ya kurante, mufanye hesabu, musiseme tu “tunataka umeme”. Birika la umeme linaweza kula wati 2000. Kinu kidogo cha kusagia kawa, tuseme wati 200. Taa nne za wati 15 ni wati 60. Jumla ni wati 2260. Kama fundi anawavutia waya wenye ampere 5, kwa volti 220 munapata wati 1100 tu. Mukiwasha birika, kurante inakatika, na mgeni anabaki na kikombe kitupu mukononi. Muandike: ampere 16. Kwa volti 220, hiyo inatoa wati 3520, na inatosha bila kubana. Fundi asiyeelewa hesabu hiyo, aje na mutu wa umeme anayeielewa.

3. MUSOME DEVI KAMA MUNAVYOPIMA KAWA

Muombe devi tatu za kuandikwa. Musisome tu mustari wa mwisho. Tutoe mufano. Bei hizi ni za mufano tu, si za soko; kwenu muweke zenu.

Fundi wa kwanza anasema dola 480. Wa pili anasema dola 650. Wa tatu anasema dola 900, na ameleta mupango wenye rangi na televizio kubwa ukutani.

Watu wengi watapiga kelele: “Tuchukue wa kwanza!” Lakini tusome. Devi ya kwanza haina usafiri (dola 60), haina kurante (50), haina banderoli (45), haina kubomoa (40), haina mulinzi wa usiku tatu (30). Tujumlishe: 480 na 225 ni dola 705. Devi ya pili ina vyote hivyo ndani ya dola 650. Basi yule wa bei ndogo ndiye anawapita wa pili kwa dola 55, na masumbuko ya kutafuta waya yanabaki kwenu. Na yule wa dola 900? Televizio haijawahi kuonjesha mutu kawa.

Muhesabu vilevile vifaa. Tripleksi moja ya kawaida iko na upana wa metre 1,22 na urefu wa metre 2,44. Standi ya metre 3 kwa 3 yenye kuta tatu inahitaji metre 9 za ukuta. Mugawanye 9 kwa 1,22: ni tripleksi 8, tuseme 9 juu ya mabaki ya kukata. Kama devi inasema 15, muulize zile 6 ni za nini. Pengine ni za meza na kabati, na jibu ni zuri. Pengine ni za nyumba ya fundi. Kuuliza si kutukana. Fundi muaminifu anafurahi kuelezea hesabu yake.

4. MUMUJUE FUNDI MWENYEWE

Karatasi nzuri inaweza kutoka kwa mutu mubaya. Kwa hiyo:

Muende kuona kazi yake. Si picha katika telefone. Picha inaweza kuwa ya mutu mwengine. Mutume memba wawili wafike kwenye atelie yake na kwenye kitu alichojenga. Waguse. Watikise. Ukuta wa standi unaegemewa na watu siku nzima.

Muongee na watu wawili aliowafanyia kazi. Maulizo matatu yanatosha: Alimaliza kwa wakati? Bei ilibadilika katikati? Kitu kilipoharibika siku ya pili, alirudi ao alizima telefone?

Muangalie karatasi zake. Kampuni inapaswa kuwa na numero ya RCCM, Id. Nat. na numero ya kodi. Fundi mudogo pengine ana patente tu. Hatusemi mumukatae, mafundi wazuri wengi wako hivyo. Lakini basi avansi iwe ndogo, na mashahidi wasaini.

Kama fundi ni ndugu ya mutu wa komite, jambo hilo lisemwe wazi mbele ya wote. Prezida akiwa na shemeji menuizie, shemeji anaweza kuleta devi kama wengine, lakini prezida atoke inje wakati wa kuchagua. Tumeona makooperative yakigawanyika si juu ya feza iliyoibiwa, lakini juu ya feza ambayo memba walifikiri imeibiwa. Njia ya wazi inalinda hata prezida mwenyewe.

5. MUKATABA: KARATASI MBILI TU, LAKINI ZINAOKOA

Sheria ya OHADA juu ya makooperative, ile ya tarehe 15/12/2010, inatumika katika inchi yetu tangu tarehe 12/09/2012. Kama ninyi ni SCOOPS, komite ya usimamizi ndiyo inayoongoza. Kama ni COOP-CA, ni baraza la uongozi. Mutu mumoja asisaini peke yake katika kinywaji. Uamuzi uandikwe katika kitabu cha mikutano, kisha yule aliyepewa ruhusa asaini. Na wale wa kazi ya uchunguzi wapewe kopi. Hiyo ndiyo kazi yao.

Katika mukataba musisahau mambo haya:

Bei ni moja na haibadiliki mpaka pande mbili zisaini karatasi ingine. “Mbao zimepanda” si sababu, kama fundi alipewa avansi ya kununua mbao.

Malipo yanagawanywa. Kwa dola 650 ya mufano wetu: 40 kwa mia wakati wa kusaini, ni dola 260. Tena 40 kwa mia standi ikiwa imesimama na mumeipokea, ni dola 260. Sehemu ya mwisho, 20 kwa mia, ni dola 130, inalipwa kisha kubomoa na kusafisha. Ile sehemu ya mwisho ndiyo kamba inayomurudisha fundi. Mukimulipa yote, mumeikata kamba. Kila malipo na risiti yake.

Kuchelewa kuna bei. Muandike: akipitisha saa mulizopatana, inakatwa feza kiasi fulani. Mupatane kiasi hicho mbele, wakati wote wangali na cheko.

Nani anakuwa hapo. Jina la mutu wa fundi anayebaki karibu siku zote za maonyesho, na telefone yake.

Mbao zinabaki za nani? Watu wengi wanasahau jambo hili. Kama fundi anakodisha vifaa, bei inapaswa kushuka. Kama munanunua, basi kuta ziungwe na bulani, si na misumari, kusudi muzifungue na kuzitumia tena mwaka kesho. Standi moja kwa maonyesho matatu ni rahisi kuliko standi tatu.

Kama munavuka mupaka kuenda Kigali, muandike orodha ya kila kitu, hata taa na sampuli, na muulize duane ya pande mbili mapema juu ya vitu vinavyoingia kwa muda na kurudi. Kwa kawa na kakao, muulize vilevile ONAPAC na OCC karatasi gani zinahitajiwa kwa sampuli. Mukataba useme nani anafanya safari hizo: fundi ao kooperative. Kama hakuna aliyeandikwa, hakuna atakayeenda.

6. KAZI YA FUNDI NA KAZI YA MEMBA

Sasa turudie neno la mwanzo. Fundi, katika siku za maonyesho, anaangalia kuta, taa, kurante, maji, takataka, mulinzi, na kubomoa. Aje kila asubuhi, nusu saa mbele ya kufungua, na memba mumoja anayeitwa musimamizi wa standi atembee naye na kusaini kwamba kila kitu kiko sawa. Musimamizi ni mumoja. Watu watano wakimutuma fundi, hakuna kazi itakayoisha.

Kuongea na wanunuzi, kuonjesha, kusema bei na kuandika ahadi ni kazi ya memba. Musimuachie fundi, wala wasichana wazuri wa kukodisha kutoka muji. Muchague watu wawili wanaoijua kazi, na mumoja awe mama anayechagua punje kwenye kituo. Yeye anajua kwa mikono yake juu ya nini kawa hii inaitwa ya kwanza na ile ya pili. Akieleza hivyo, hata kwa mutafsiri, mununuzi anasikiliza.

Wafanye mazoezi ya kujibu: mashamba yako metre ngapi juu, memba ni wangapi, wanaume na wanamuke, kawa inasafishwa na kukaushwa namna gani, kiasi gani kitakuwa tayari na mwezi gani, bei inaanzia wapi. Kama jambo haliwezekani, waseme haliwezekani. Ahadi ya uongo kwenye maonyesho inarudi kwenye kituo wakati wa mavuno.

Na wawe na daftari. Kila mgeni wa kweli aandikwe: jina, telefone, anatafuta nini, kiasi gani, tumemuahidi nini, siku gani tutamuita. Standi itabomolewa. Daftari ndilo munarudi nalo nyumbani. Katika juma la kwanza kisha kurudi, mutume habari kwa kila mumoja.

7. HESABU MOJA YA KUFIKIRIA

Tuseme munataka kuonjesha watu 100 kila siku, siku tatu: vikombe vidogo 300 vya mililita 50. Hiyo ni litre 15. Kwa gramu 55 za kawa kwa litre moja, munahitaji gramu 825 za kawa iliyokaangwa. Kawa mbichi inapoteza karibu 15 mpaka 20 kwa mia ya uzito ikikaangwa. Basi kilo moja ya kawa mbichi inatosha hivi.

Kilo moja! Na standi ni dola 650. Kama kooperative iko na memba 200, kila memba ametoa dola 3 na senti 25 kwa mbao na rangi. Hatusemi musitoe. Tunasema hivi: kama munatoa feza hiyo yote kusudi kilo moja ionjwe vizuri, basi ile kilo iwe ya kwanza katika uangalifu wenu. Ichaguliwe punje kwa punje. Ikaangwe na mutu anayejua, siku chache mbele ya maonyesho. Maji yawe safi. Mukikosa feza, mupunguze rangi ya ukuta, musipunguze kawa.

TUFUNGE MAFUNDISHO

Fundi muzuri anastahili malipo mazuri. Hatuandiki haya kusudi mumuogope. Mukataba wa wazi unamulinda hata yeye, juu wako vilevile makooperative ambayo yanajengewa, kisha yanakimbia deni. Mumulipe siku muliyopatana, na mwaka kesho atakuja mbio.

Miezi miwili mbele ya maonyesho si mapema. Mukianza juma la mwisho, mutachukua yule anayepatikana, kwa bei anayotaka yeye.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA MUKUTANO

1. Je, maonyesho tunayofikiria yanatoa standi tayari? Nani ataenda kuuliza, na siku gani?
2. Katika kooperative yetu, nani ana ruhusa ya kusaini mukataba? Imeandikwa wapi?
3. Tukipata devi ya bei ndogo sana, ni mambo gani matano tutatafuta kama yamo ao hayamo?
4. Kuko mutu wa komite aliye na ndugu fundi? Tutafanya namna gani ili uchaguzi ubaki wazi?
5. Memba gani wawili watasimama kwenye standi? Wajibu sasa hivi, mbele ya mukutano, maulizo ya yule mununuzi aliyepita: mashamba yako metre ngapi juu, munasafisha kwenye kituo gani, mutakuwa na magunia ngapi?

Ulizo la tano musilipite haraka. Kama hakuna anayeweza kulijibu leo, basi muanze hapo, mbele ya kumuita fundi yeyote.